Tosti ya kuoka ya Jumapili, yenye tui la nazi na makadamia

Anayepika chapati hali na wageni. Yuko jikoni anageuza, anapaka mafuta, anasukuma nyingine, na sebuleni zile za kwanza zimeshaisha kabla hajanawa mikono. Tosti ya Kifaransa ya kikaangoni, yaani mkate uliochovywa kwenye mayai na maziwa ukakaangwa, ni vilevile. Slesi mbili zinaiva, mbili zinachovywa, wawili wanakula na wanne wanatazama mlango wa jikoni. Mpishi anakula ya mwisho, imepoa, amesimama kando ya sinki. Nimewaona mama na shangazi zangu wakila hivyo maisha yao yote, na urithi huo sitaki kuupokea.

Ndiyo maana naipenda tosti ya kuoka. Unaipanga usiku kwenye trei, inalala kwenye friji, asubuhi unaitia kwenye oveni, na ikitoka inatoka yote kwa mpigo, ya moto kwa kila mtu, na wewe mwenyewe umo kwenye kiti. Kwetu hapa South C, Nairobi, Jumapili ndiyo siku ya watu. Wifi yangu huja na wanawe kutoka Kahawa West, mama mkwe huja akiwa yuko Nairobi, na jirani wa mlango wa pili hupita kusalimia tu, akakaa mpaka adhuhuri, na tunafurahi akikaa. Wakishatimia ni saa tano. Staftahi imepita, chakula cha mchana kiko mbali, na watoto wana njaa. Hiyo ndiyo branchi yetu, na katikati ya meza huwa kuna trei hii.

Asili yake si ya kwetu wala siidai. Warumi wa kale walichovya mkate mweupe kwenye maziwa, wakaukaanga, wakaumwagia asali. Wafaransa wanaupika mpaka leo kuuokoa mkate uliokauka, na kwao mara nyingi huliwa mwisho wa mlo. Marekani huipanga kwenye trei kubwa na kuioka asubuhi za sikukuu, wakaimwagia sharubati ya mti wa maple. Mimi nimezaliwa Mombasa nikaolewa na mtu wa Murang'a, basi trei yangu ina tui na iliki kutoka upande wangu, na juu yake makadamia ya shambani kwa mama mkwe. Kilichobaki ni mkate, na mkate ndio nitakaouzungumzia sana, kwa sababu tosti hii inaharibika ama inafaulu kabla hujavunja yai hata moja.

Mkate wa kawaida wa dukani hapa Nairobi ni laini mno kwa kazi hii. Umekatwa slesi nyembamba, una sukari na mafuta ndani yake, na umefungwa kwenye plastiki na unyevu wake wote. Ukiulowesha ulivyo, unakatika mkononi. Mimi hununua mkate mzima, usiokatwa, wa gramu 400, kwenye kaunta ya mikate ya supamaketi au kwa muokaji wa mtaani. Nikiukuta ule wa maziwa uliosukwa, wenye ganda la kahawia linalong'aa, nachukua huo bila kufikiria mara mbili. Brioshi, ule mkate wa Kifaransa wenye mayai na siagi nyingi, inafaa sana, ila kwa bei yake naona heri niongeze mayai. Halafu naukata mwenyewe, vipande vinene vya sentimita mbili na nusu hivi. Vyembamba havina tumbo la kushika maziwa.

Sasa kukausha. Watu wengi wanadhani mkate uliolala ni mkate uliokauka, na hivyo wanaacha paketi ilale siku mbili, wanaona inatosha. Si kitu kimoja. Mkate ukilala, hasa kwenye friji, wanga wake hujipanga upya ukakakamaa, lakini maji mengi bado yamo. Ndiyo sababu slesi ya juzi ukiipasha moto inarudi laini kwa muda. Kwa tosti hii unataka yale maji yatoke kabisa, ili pale yalipokuwa paingie mayai na tui. Mkate wenye maji yake hauna nafasi. Utaumwagia maziwa, yatasimama nje, na asubuhi utakuta chini kuna mchuzi na ndani mkate mkavu usio na ladha.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Januari na Februari hewa yake inakausha nguo, midomo na mkate. Miezi hiyo nakata Ijumaa usiku, napanga vipande kwenye waya wa kupozea keki, nafunika kwa kitambaa chepesi, na Jumamosi jioni viko tayari. Julai, jua likiwa limejificha wiki nzima, au wakati wa masika, usingoje hewa. Washa oveni nyuzi 120 na uviweke humo nusu saa au zaidi kidogo, ukivigeuza katikati. Usivichome, havitakiwi kubadilika rangi. Mama yangu kule Mombasa hawezi kuuacha mkate nje usiku. Kwa joto lile na unyevu ule, ukungu utaufikia kabla haujakauka. Yeye huvianika juani saa nne asubuhi, chini ya kawa, na kabla ya adhuhuri amemaliza.

Utajuaje kama vimekauka? Bonyeza katikati kwa kidole gumba. Kipande kilichokauka hakirudi kama sponji. Kinakataa kidogo, halafu kinakwaruza. Gonga ganda kwa kucha, lina sauti. Kisha kiweke kwenye shavu. Kama unasikia ubaridi wowote, bado kuna maji ndani, na kinahitaji saa nyingine. Jaribio hili la shavu ndilo ninaloliamini kuliko yote, na binti yangu hulifanya kwa kila kipande, kimoja baada ya kingine, mpaka shavu linajaa makombo.

Nyumba nyingi hapa zinaijua bei ya mkate bila kuuliza. Mwaka 2024 pendekezo la kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 lilizua hasira mpaka likaondolewa mwezi Juni, na sishangai. Kwa hiyo katika jikoni langu hakuna mwisho wa paketi unaotupwa. Zile slesi za pembeni ambazo watoto wanazikwepa nazikausha, naziweka kwenye friza, na zikiwa nyingi zinaenda chini ya trei kuziba mapengo kati ya vipande vikubwa. Hakuna anayeziona, na ndizo zinazobeba tui jingi zaidi.

Kwa mkate huo mmoja wa gramu 400, ambao unalisha watu sita kama kuna kitu kingine mezani, nachanganya mayai sita, maziwa mililita 400, tui zito mililita 200, sukari vijiko vinne vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, mbegu za maganda kumi ya iliki, na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu. Mapishi mengi utakayoyakuta yanaweka sukari mara mbili ya hiyo. Mkate wetu tayari ni mtamu, tui lina utamu wake, na juu bado kuna kitu cha kumwagia. Punguza bila woga.

Tui bora ni la nazi uliyoikuna mwenyewe. Mbuzi yangu ya kukunia nilikuja nayo kwa treni ya SGR ikiwa imefungwa kwenye leso, na sijaona mashine ya umeme inayoishinda. Nakuna nazi mbili, natia maji ya moto kikombe kimoja, nafinyanga kwa mkono kidogo, nakamua kwenye kitambaa. Hilo la kwanza ndilo tui zito. La pili nalihifadhi, na mtaona baadaye lilikoenda. Kama huna nazi, tui la kopo linafaa kabisa. Tikisa kopo kabla ya kulifungua, kwa sababu mafuta yake hupanda juu na kuganda, na usipofanya hivyo utapima cream tupu kisha maji matupu.

Mama alinipigia Jumamosi moja nikiwa nakuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mbuzi. Wapika wali saa hizi?"

"La mama, tui la kutia kwenye mkate. Boflo, nautia mayai na tui, kesho nauoka."

Akanyamaza kidogo, akifikiria. "Basi usisahau chumvi. Tui bila chumvi limepooza, hata kama kitu chenyewe ni kitamu."

Ile nusu kijiko ya chumvi hapo juu ni yake.

Iliki inunuliwe nzima, ikiwa na ganda la kijani. Ngara na Eastleigh utapata maduka yanayoipima kwa gramu, na ukisimama mlangoni tu pua inakwambia ni ya lini. Ile ya unga iliyokaa kwenye rafu imeshapoteza harufu yake njiani. Pasua maganda, toa zile mbegu nyeusi, zitwange kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko kimoja cha sukari katika vile vinne. Punje za sukari zinasaidia kusaga. Mdalasini nao uchanganye na sukari kwanza ikiwa kavu. Ukiutupa moja kwa moja kwenye maziwa unaelea juu kwa mabonge, na ukimwaga wote unamwangukia mtu mmoja, na wengine hawapati hata harufu. Vanila sitii. Najua wengi hawawezi kuoka kitu kitamu bila vanila, lakini ikikutana na iliki zote mbili zinapungua nguvu, na mimi najua nimesimama upande gani.

Piga mayai na ile sukari yenye viungo kwa uma, taratibu, mpaka huoni nyuzi za ute. Huna haja ya povu. Ute usiopigwa vizuri unaganda juu ya mkate kama vipande vya yai la kuchemsha, na macho ya watoto yanaviona kabla ya kitu kingine chochote. Tia maziwa, tia tui, tia chumvi, koroga, kisha chuja kwa kichujio cha chai ndani ya jagi.

Trei yangu ni ya sentimita 20 kwa 30. Ipake siagi mpaka kwenye kona. Panga vipande vikiwa vimeegemeana, nusu wima, ganda juu. Usivilaze. Vikilala vyote vinakuwa laini pande zote, lakini vikiegemea, nusu ya juu inakauka na kuwa ya kutafuna na nusu ya chini inalainika, na kila kijiko kinapata vyote viwili. Halafu mimina, polepole, theluthi moja kwanza. Ngoja. Inamia utazame. Mkate uliokauka sawasawa unakunywa hadharani. Utaona viputo vidogo vya hewa vinatoka kwenye kipande na kupasuka juu ya maziwa, na usawa wa maziwa kwenye trei unashuka. Viputo vikiisha, mimina theluthi ya pili, juu ya vichwa vya vipande safari hii, kisha ya tatu. Bonyeza kila kimoja kwa kiganja, kwa upole kama unavyomlaza mtoto. Funika na uweke kwenye friji angalau saa nne. Usiku kucha ni bora zaidi.

Asubuhi usishtuke ukikuta vipande vyeupe vyeupe vimeganda juu. Ni mafuta ya nazi, yameganda kwa baridi, yatayeyuka. Na kama stima ilipotea usiku, jambo ambalo mtaani kwetu si geni, usifungue friji kuangalia. Friji iliyofungwa inashika baridi kwa takriban saa nne. Ikipita hapo, mayai mabichi na maziwa yaliyokaa kwenye joto si ya kuwalisha wageni, na heri upike chapati, hata kama utazila umesimama.

Makadamia ni mambo ya mama mkwe. Kenya ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wa makadamia duniani, na Murang'a ni mojawapo ya kaunti zinakotoka, lakini nyingi zinasafiri kwenda nje, na ni ajabu jinsi sisi tunaoishi hapa tunavyozijua kidogo. Yeye huniletea kwenye kiondo, zikiwa na maganda yake, na hukubali kuokota zile tu zilizoanguka zenyewe. Iliyochumwa mtini kabla ya wakati haijajaa mafuta, anasema, na huiona kwa jicho kabla hajaigusa. Ganda lake ni gumu ajabu. Mume wangu huzivunjia nje barazani kwa nyundo juu ya jiwe lenye kitundu, ili zisiruke, na kazi hiyo hupewa watoto wakubwa pia, ambao wanavunja moja kwenye bakuli na moja mdomoni.

Gramu 80 za makadamia zilizovunjwa vipande, si za kusaga. Unga wa ngano vijiko vinne vya mezani, sukari ya kahawia vitatu, siagi baridi gramu 60, chumvi kidogo. Fikicha kwa ncha za vidole mpaka iwe makombo makubwa na madogo, uiweke kwenye friji ikae baridi. Ukikosa makadamia, karanga za kukaanga zilizotolewa maganda zinatosha kabisa, na kwa kweli zina harufu kali zaidi oveni ikifunguliwa.

Nyumba nyingi ninazozijua oveni iliyo chini ya jiko la gesi ndiyo kabati la sufuria. Zitoe. Washa nyuzi 175, na toa trei kwenye friji nusu saa kabla ili isiingie motoni ikiwa baridi. Oveni za gesi moto wake uko chini, kwa hiyo weka waya juu kidogo ya katikati, na chini kabisa tia trei tupu ya bati ipokee ukali. Funika tosti kwa foili, oka dakika 25. Foili ina maana zaidi hapa kuliko Mombasa: kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na mvuke hutoka upesi, na vichwa vya mkate visipofunikwa vitakauka kabla tumbo halijaiva. Kisha fungua, nyunyiza makombo ya makadamia juu yote, rudisha wazi kwa dakika 20 hadi 25 nyingine.

Kuna hatua moja ya kuangalia kwa makini. Mayai yaliyochanganywa na maziwa na sukari huganda yakikaribia nyuzi 80. Yakizidi hapo sana, yanajikaza na kuyakamua maji yake, na utaona mchuzi mwepesi pembeni ya trei ambao haukuwepo. Kwa hiyo usingoje mpaka iwe ngumu. Vipande vitakuwa vimevimba, juu pamekuwa rangi ya karanga, na ukitikisa trei, katikati patatetemeka kidogo lakini hapatachezacheza kama maji. Choma kisu kati ya vipande viwili vya katikati, kitoke na unyevu bila maziwa mabichi. Itoe. Iache dakika kumi. Itashuka kidogo, na hilo ni sawa.

Wasio na oveni msikate tamaa. Kwetu pwani mikate ya kumimina imeokwa vizazi na vizazi kwa moto juu na chini, na tosti hii inakubali njia hiyohiyo. Tafuta sufuria nzito, ipake siagi, panga mkate humo, funika kwa sinia la bati. Jikoni acha makaa machache sana, na yaliyobaki yapalie juu ya sinia. Kanuni ni moja tu, na mama yangu huirudia kila mara: moto mwingi uwe juu, chini uwe wa kukumbusha tu. Tia makombo ya makadamia ikishaanza kushika, ukiinua sinia kwa koleo, na upalie tena. Ina harufu ya moshi kidogo ambayo oveni yangu haiwezi kunipa.

Cha kumwagia juu ni sukari nguru. Sharubati ya maple ni nzuri, sikatai, na bei yake ina sababu, maana zinachemshwa lita kama 40 za maji ya mti kupata lita moja. Lakini sisi tuna miwa, na tuna watu magharibi ya nchi wanaojua kuipika mpaka iwe bonge jeusi lenye ladha ya moshi na chuma. Gramu 250 za sukari nguru, maji nusu kikombe, kipande cha tangawizi kilichopondwa. Chemsha mpaka iyeyuke, chuja kwa kitambaa kwa sababu mara nyingi kuna nyuzi za miwa ndani, rudisha jikoni mpaka ishike mgongo wa kijiko, malizia kwa ndimu nusu. Ndimu ndiyo inayoiamsha. Pembeni naweka pasheni zilizokatwa katikati, kila mtu ajikwangulie mwenyewe. Wakati wa maembe, naweka maembe. Ndizi natia bila kuzipika, juu ya sahani, kamwe si ndani ya trei, maana zinatoa maji na kuwa nyeusi.

Na sasa lile tui la pili. Linaenda kwenye mbaazi.

Hapa ndipo watu wa bara wanaponitazama. Kwetu Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na mahamri ni matamu, yana sukari na iliki. Hakuna mtu wa pwani anayeshangaa kuchovya kitu kitamu kwenye mbaazi zenye chumvi na pilipili. Meza ya branchi yenye tosti tamu, matunda matamu, juisi tamu na chai ya sukari inachosha ulimi kwenye sahani ya kwanza. Wengi huweka soseji kando kwa sababu hiyohiyo bila kujua. Mimi naweka mbaazi za Ukambani, nilizoloweka usiku na kuchemsha asubuhi na mapema, zikapikwa na kitunguu, pilipili mbichi moja na tui lile jepesi mpaka likawa zito.

"Wifi, mbaazi na hiki kitu kitamu?" aliniuliza wifi yangu mara ya kwanza, kijiko kikiwa hewani.

"Onja kwanza, wifi, ndipo tuseme."

Akaonja. Akavuta bakuli karibu yake, na mjadala ukaishia hapo. Mama mkwe yeye hakuuliza kitu. Alichukua kipande cha pembeni, chenye ganda, akakimwagia mbaazi juu kabisa, akala polepole, kisha akaniambia, "Mwanangu, keti. Kila kitu kiko mezani." Nami nilikuwa nimeshaketi, sahani yangu mbele yangu ikitoa mvuke.

Vikibaki vipande, vifunike na uviweke kwenye friji, vitakaa siku mbili bila shida. Usivipashe kwenye maikrowevu, makombo ya juu yatalowa. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, siagi kidogo, ulaze upande uliokatwa chini mpaka ushike rangi, ufunike dakika mbili ndani yapate moto. Binti yangu huvibeba shuleni Jumatatu vikiwa baridi vivyo hivyo, na anadai ndivyo vinavyostahili kuliwa. Mbaazi zilizobaki ni za wali wa usiku.